Tazar wa Shelisheli: nchi ya watu laki moja inataka makomando wa nini?

Kwetu pwani ukitaja shelisheli akili ya wengi inaenda kwenye tunda, lile la kuchemsha au kupika na tui ukala na chai asubuhi. Nchi yenyewe tunaijua kwa picha za fukwe na fungate za wenye hela, basi. Juzi kijiweni nikawa nawahadithia watu kuhusu Tazar, kikosi maalumu cha jeshi la Shelisheli, jamaa mmoja akauliza, hivi watu laki moja na ushee wanataka makomando wa nini, si waajiri tu polisi wazuri yaishe. Wengine wakacheka lakini mimi swali lile nimelala nalo, maana ukilijibu vizuri unaelewa kitu kikubwa kuhusu bahari hii yetu, na kuhusu nchi ndogo inavyoishi jirani na wakubwa.

Tuanze na jina kwanza. Tazar ni neno la Kikreoli, na Wafaransa wanaita thazard samaki wale jamii ya nguru, mrefu, mwembamba, meno makali na mbio zake mvuvi yeyote wa huku anazijua. Jeshi zima la Shelisheli ni watu wa mamia tu, idadi ambayo huku kwetu inajaa kwenye kambi moja. Ndani yake kuna askari wa ardhini, kuna walinzi wa pwani wenye meli za doria, kuna kikosi kidogo cha anga chenye ndege za kuhesabu kwa vidole, kuna wanaomlinda rais na wageni wakubwa, alafu kuna hao Tazar. Hapa watu wanachanganya sana. Walinzi wa pwani wa Shelisheli ni sehemu ya jeshi, sio idara ya pembeni kama ilivyo kwenye nchi nyingi, kwahiyo ukisikia meli yao imekamata maharamia, ujue meli ni ya walinzi wa pwani, ndege iliyoona ni ya kikosi cha anga, na ikifika kazi ya kupanda meli ya watu wenye bunduki hapo ndo unahitaji watu waliofunzwa kazi hiyo hasa. Wote ni jeshi moja, wanajuana kwa majina, na pengine wamesoma shule moja.

Sasa kwanini nchi ndogo hivo ikawa na hofu kiasi cha kutaka watu wa aina hiyo? Rudi nyuma kidogo. Shelisheli ilipata uhuru wake tarehe 29 Juni 1976 na haikuwa na jeshi, ilikuwa na polisi tu. Haikumaliza hata mwaka. Tarehe 5 Juni 1977, rais James Mancham akiwa London, watu wapatao 60 wakachukua nchi usiku mmoja, na waziri mkuu France-Albert René akawa rais. Na hapa Tanzania inaingia kwenye stori moja kwa moja, kwa sababu waliofanya ile kazi inaelezwa mafunzo walipata kwetu, na baadae wanajeshi wa Tanzania wakaenda kukaa kule kusaidia kujenga jeshi jipya na kuilinda serikali. Wazee wa jeshi wa miaka ile wanaikumbuka Mahé, kile kisiwa chao kikuu, ila vijana wengi hawajawahi kuisikia habari hii.

Miaka minne baadae ikaja siku ambayo mimi nikiitafakari naona ndo siku Shelisheli ilipojifunza kwamba udogo haukufichi. Tarehe 25 Novemba 1981 ndege ya Royal Swazi ikatua uwanja wa Pointe Larue pale Mahé, ikashusha wanaume zaidi ya 40 waliojifanya kikundi cha starehe, wapenzi wa bia, wamebeba midoli ya kugawia watoto masikini. Chini ya midoli, kwenye mabegi yenye sakafu ya pili, kulikuwa na AK-47. Kiongozi wao alikuwa Mike Hoare, yule mamluki ambaye wazee wa Kongo ya mashariki, upande wa Fizi na Baraka, jina lake wanalijua vizuri tangu vita vya Simba vya 1964 na 1965. Wengi wao walishapita ukaguzi, wako nje wanapanda basi, mpaka afisa wa forodha mmoja alipopekua begi la mwenzao akakuta bunduki. Hebu fikiria, nchi nzima ilisimama kwenye mikono ya mtu wa ushuru anayepapasa begi la msafiri. Risasi zikaanza uwanja wa ndege, na katikati ya mapigano ndege ya Air India ikatua ikiwa safarini kutoka Harare, enzi hizo ikiitwa Salisbury, kwenda Bombay, mamluki wakaiteka wakakimbilia nayo Durban. Hoare alikuja kufungwa Afrika Kusini kwa kosa la kuteka ndege, akahukumiwa miaka 10.

Na wala haikuishia hapo. Agosti 1982 wanajeshi wa Shelisheli wenyewe wakaasi, wakashika kituo cha redio, na uasi ule ukazimwa kwa msaada wa Watanzania waliokuwa kule. Kwahiyo mpaka hapo una nchi ambayo ndani ya miaka mitano na ushee imepinduliwa na watu 60, ikavamiwa na watu 40 na kidogo, alafu ikaasiwa na jeshi lake. Ukiangalia namba hizo unaona kwamba kwa nchi ya ukubwa huo kikundi cha watu wachache wenye mafunzo na silaha kinatosha kubadilisha kila kitu. Nchi kubwa inaweza ikapoteza uwanja wa ndege asubuhi ikaurudisha jioni kwa brigedi kutoka mkoa mwingine, Mahé hakuna mkoa mwingine, kuna barabara ya pwani na mlima. Mwenye watu thelathini wazuri wanaofika haraka ndo mwenye nchi, na hilo ni jibu la kwanza kwa yule jamaa wa kijiweni.

Jibu la pili ni bahari, na hapa naomba tukae kidogo.

Ardhi yote ya Shelisheli, visiwa vyote 115, ni kama kilomita za mraba 455, haifiki hata theluthi ya Unguja. Lakini eneo lake la uchumi baharini ni kama kilomita za mraba milioni 1.37. Chukua Tanzania nzima na maziwa yake, ongeza Uganda nzima, bado hujafika. Na visiwa havijakaa pamoja. Aldabra, kile kisiwa cha kobe wakubwa, kiko zaidi ya kilomita 1,100 kusini magharibi ya Mahé, yaani kiko karibu na Mtwara kuliko kilivyo karibu na mji mkuu wake. Meli ya doria ikitoka Victoria, ndo mji mkuu huo, kwa mwendo wa noti 15, ambao ni kama kilomita 28 kwa saa, inahitaji saa 40 hivi kufika Aldabra, karibu siku mbili na usiku wake, na hapo bahari iwe imetulia. Kusi likivuma zidisha mwenyewe. Sasa mvuvi wako akipiga redio kwamba kuna boti mbili za mwendo kasi zinamfuata, utamwambia avumilie siku mbili?

Hilo swali lilikuwa la kweli kabisa kuanzia 2009. Manowari za nje zilipoanza kubana Ghuba ya Aden, maharamia wa Kisomali wakahamia bahari kuu, wanateka jahazi au meli ya uvuvi wanaigeuza meli mama, wanabeba juu yake boti ndogo, mafuta na ngazi, wanakaa wiki kadhaa baharini wakisubiri. Wakashuka mpaka maji ya Shelisheli. Mwaka huo meli ya watalii ya Indian Ocean Explorer ilitekwa na mabaharia wake Washelisheli wakakaa mikononi mwa maharamia mpaka mwezi wa sita. Nchi ile inaishi kwa vitu viwili, utalii na jodari, kiwanda cha jodari pale Victoria ni kati ya vikubwa duniani, na vyote viwili vinapita baharini. Meli za uvuvi za Kifaransa zikaanza kubeba wanajeshi wa Ufaransa juu ya sitaha. Watu wa kawaida wa Mahé, ambao ndugu zao ndo wanaenda kuvua, ikawa simu ya usiku inawatoa usingizini.

Watu wakisikia kupanda meli iliyotekwa wanafikiria sinema, kamba kutoka helikopta na miziki. Mimi nimefanya kazi ya tali, yaani kuhesabu mizigo ya meli, bandarini miaka michache, na mara kadhaa tulipelekwa kwa boti kwenye meli zilizotia nanga nje tukapanda kwa ngazi ya kamba. Meli imesimama, mabaharia wapo juu wanakusubiri na tabasamu, mchana kweupe, na bado ilikuwa inanitoa jasho la baridi. Boti inapanda na kushuka na wimbi, unatakiwa usubiri ifike juu kabisa ndo ushike ngazi na kuhama papo hapo, ukishika ikiwa chini basi wimbi linalofuata linainua boti inakuja kukusaga miguu kwenye ubavu wa meli. Vidaraja vya ngazi vimelowa. Ubavu wa chuma unanuka kutu na dizeli, na ukiangalia juu unaona kama ghorofa tatu. Sasa mchukue mtu huyo mvalishe fulana ya kuzuia risasi, mpe bunduki na risasi, iwe usiku, meli inatembea, ngazi hujatundikiwa na mtu bali umeinyanyua mwenyewe kwa fimbo ndefu yenye ndoano, na aliyeko juu anakupiga risasi. Alafu ukishafika juu kuna watu 20, baadhi ni maharamia na baadhi ni wavuvi waliolazimishwa kusimama mbele, wote wamevaa misuli na wote wanapiga kelele, na una nukta chache za kujua yupi ni yupi. Hapo ndo utaelewa kwanini huwezi kumpa kazi hii askari wa kawaida aliyefunzwa gwaride na lindo la geti, wala polisi mzuri. Ni kazi ya watu wachache wanaoirudia mamia ya mara mpaka miguu inajua yenyewe.

Desemba 2009 meli ya doria ya Shelisheli inaitwa Topaz ilifuatwa na maharamia ambao inaonekana waliidhani meli ya mizigo, wakaishambulia, wakakamatwa 11. Topaz yenyewe ni meli ya mita 46 iliyotolewa na India mwaka 2005. Miezi michache mbele, mwisho wa Machi 2010, kaskazi ikielekea kuisha na bahari iko shwari, maharamia wakateka boti ya uvuvi ya Shelisheli inaitwa Galate. Ndani kulikuwa na Washelisheli 6, na pia mabaharia 21 wa Kiirani ambao jahazi lao lilishatekwa kabla. Topaz ikawakatia njia kabla hawajafika Somalia. Hapa rais na makamanda walikuwa na uamuzi mgumu, maana boti ikishafika pwani ya Somalia mazungumzo ya fidia yanaweza kula miezi, na ukipiga risasi unaweza kuua watu wako mwenyewe. Wakaamua kupiga, wakalenga injini, moto ukawaka, watu wote wakaruka baharini, na wote 27 wakaokolewa wakiwa hai. Njiani kurudi Topaz ikashambuliwa tena na kundi lingine na ikajibu mapigo. Mimi nikisoma tukio hili sioni ushujaa peke yake, naona pia jinsi ilivyokuwa nyembamba ile nafasi kati ya sherehe na msiba.

Kwa sababu msiba nao ulikuja. Januari 2011 meli ya Kijerumani, Beluga Nomination, ilitekwa kaskazini ya Shelisheli. Mabaharia walifanya walivyofundishwa, wakajifungia kwenye chumba cha usalama ndani ya meli, maharamia wakachukua muda mrefu kukata mlango mpaka wakaingia, na msaada haukufika kwa wakati. Shelisheli ikajaribu kuingilia ikafyatuliana risasi na maharamia, haikufanikiwa, na kabla ya yote kwisha kuna mabaharia walipoteza maisha. Nasema hili kwa sababu makala nyingi za makomando zinaandikwa kama matangazo ya biashara. Kikosi kidogo kikifika kimechelewa hakina uchawi. Kilichokosekana siku ile ni ukaribu, na ukaribu baharini ni meli nyingi na ndege nyingi, vitu ambavyo nchi ya watu laki moja hainunui kwa kodi yake.

Hapo ndo penye fundo lenyewe la mada hii. Makomando wa Marekani au Uingereza ni ncha ya mkuki, nyuma yao kuna mpini mrefu wa manowari, satelaiti, hospitali na bajeti, na mpini ni wao. Tazar ni ncha nzuri yenye mpini wa kuazima. Meli kubwa ya doria imetoka India, ndege za Dornier zinazozunguka kuangalia bahari zimetoka India, rada za pwani zilizozinduliwa Machi 2015 ni za India, China nayo ilitoa ndege zake za Y-12, Falme za Kiarabu zikatoa boti na kujenga kambi ya walinzi wa pwani, Marekani kuanzia 2009 ikarusha droni zake kutokea uwanja wa Mahé. Kila baada ya miaka miwili hivi wanafanya mazoezi na India yanayoitwa Lamitiye, kwa Kikreoli maana yake urafiki.

Na urafiki wa namna hii una bei, Washelisheli wenyewe wanalijua hilo kuliko mimi. India ilipotaka kujenga kituo cha kijeshi kisiwa cha Assumption, jirani na Aldabra, makubaliano ya 2015 yakarudiwa 2018 na wananchi wakaingia barabarani kuyapinga, bunge halikuyaridhia. Watu walisema wazi, tunashukuru kwa meli lakini kisiwa ni chetu. Mimi nawaelewa kabisa. Ukiazima mpini kwa watu wanne tofauti ambao wenyewe hawapatani, unahitaji akili nyingi kuliko nguvu, na naona nchi hii imejitahidi sana kwa hilo kuliko nchi kubwa ninazozijua.

Kuna kitu kingine ambacho watu hawakifikirii, ukishamkamata haramia unampeleka wapi? Komando anamaliza kazi kwa dakika, sheria inaanza hapo. Kwa muda Kenya ndo ilikuwa inabeba mzigo huu, maharamia waliokamatwa na manowari za Ulaya na Marekani wanaletwa Mombasa, wanakaa gereza la Shimo la Tewa, kesi zinasikilizwa pale. Kesi zikawa nyingi, Kenya ikachoka ikavunja makubaliano mwaka 2010, na Novemba mwaka huohuo jaji Mombasa akasema mahakama haina mamlaka ya makosa yaliyofanyika bahari kuu, mpaka mahakama ya rufaa ilipotengua 2012. Shelisheli ikaingia kwenye lile pengo. Machi 2010 wakabadilisha sheria yao ya makosa ya jinai ili waweze kumshitaki haramia popote alipokamatwa, na wale 11 wa Topaz wakahukumiwa miaka 10 kila mmoja mwezi Julai. Baada yao wakaja wengine wengi mpaka gereza la Montagne Posée likajaa Wasomali, ikabidi waingie makubaliano wafungwa wengine wakamalizie vifungo kwao. Kwa hiyo askari anayepanda ile meli anatakiwa pia akumbuke ushahidi. Bunduki waliyotupa majini, ngazi, simu, nani alikuwa amekaa wapi, vyote vipigwe picha, maana wakili ataviulizia kortini mbele ya jaji, na kesi ikianguka kazi yote ya usiku ule imekwenda na maji.

Siku hizi kazi yao nyingine kubwa ni dawa za kulevya. Majahazi yanatoka pwani ya Makran, upande wa Iran na Pakistan, yanashuka na heroini kuja pwani yetu ya Afrika Mashariki, njia ileile majahazi ya zamani yaliyoleta tende na mazulia yalipopita na kaskazi, na Shelisheli iko kando ya njia. Heroini imeiumiza sana nchi ile, kwa idadi ya watu wake iko kati ya zinazotumia zaidi duniani, na kwenye jamii ndogo namna hiyo kila mtu ana mtoto wa shangazi au jirani aliyeingia. Na hapo linarudi swali la zamani, makomando watumike ndani ya nchi kiasi gani? Mwaka 2022 marekebisho ya 10 ya katiba yaligusa hapohapo, kuliruhusu jeshi lifanye kazi za usalama wa ndani, na mabishano yalikuwa makali kwa sababu watu wanakumbuka 1977 na 1982. Mimi msimamo wangu ni kwamba mtu aliyefunzwa kuvamia meli usiku asipewe kazi ya kugonga mlango wa raia isipokuwa kwa dharura yenye tarehe ya mwisho. Lakini lazima pia niseme kwamba Oktoba 2020 upinzani uliposhinda urais kwa mara ya kwanza tangu 1977, makabidhiano yalikuwa ya amani na jeshi likampigia saluti rais mpya, na kwa nchi yenye historia ile hilo sio jambo dogo.

Januari 2024, wakati macho ya dunia yako Bahari ya Shamu, maharamia wakarudi. Wakateka boti ya uvuvi ya Sri Lanka inaitwa Lorenzo Putha 4 yenye wavuvi 6, mbali kabisa mashariki ya Mogadishu. Taarifa ikazunguka, Sri Lanka ikaomba msaada, India ikawa inafuatilia, vituo vya kubadilishana taarifa za bahari vikapeana mahali boti ilipo, na ilipoingia upande wa Shelisheli vikosi vya Shelisheli vikatoka kuikabili. Safari hii ukaribu ulikuwepo. Maharamia 3 wakajisalimisha, wavuvi wote 6 wakatoka wazima, na boti ikaelekezwa Mahé.